Pini Mdomoni

Fundi aliyenifundisha kushona alikuwa na pini mdomoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alizitoa kwa ajili ya sala na chakula, kisha akazirudisha. Nami akanifunza hivyo hivyo: pini nne au tano, unazibana kwa midomo upande wa kushoto, vichwa nje, na ulimi ukae mbali. Mkono mmoja unashika kitambaa, wa pili unachukua pini. Ukiziweka mezani zinapotea, ukizichomeka kifuani zinakuchoma ukiinama. Mahali pake ni mdomoni, basi. Miaka yote hiyo sijameza hata moja, na wale walioniambia nitakufa kwa pini wamekwisha kufa wao kwa mambo mengine.

Taabu ni kwamba mwenye pini mdomoni hasemi, anaguna. Nilikuwa na miguno yangu, na mtaa mzima pale Gisenyi uliijua. "Mm" fupi ilikuwa ndiyo. Ile ya kuvuta ilikuwa ngoja kidogo. Ile ya puani ilikuwa nimekuona, pita, usinisumbue. Mteja akiniuliza kama suruali yake itakuwa tayari Ijumaa, namgunia, naye anakwenda zake ameridhika.

Mimi sipendi kuzungusha watu, kwa hiyo nalisema mapema: siku moja katika miaka ile ya hamsini nilimtoa binti yangu, mtoto wangu wa pekee, kwa mguno. Sikumbuki hata ulikuwa mguno gani.

Yuko hai, alhamdulillahi, asije mtu akadhani nasimulia matanga. Ana watoto wake sasa. Kila Idi anashuka kutoka Bugeshi na kikapu cha viazi, ananisalimia kwa adabu zote, anakaa kwenye mkeka mbele yangu. Namuuliza habari za nyumbani. Nzuri, Baba. Za watoto? Nzuri. Mume? Mzima. Tunakunywa chai. Kisha anaingia jikoni kwa wanawake, nami huku nje namsikia anavyopiga soga, anavyoiga sauti za watu, wanacheka mpaka wanapaliwa. Kwangu mimi ni nzuri na mzima. Wala simlaumu.

Tulikaa mtaa wa Waswahili, sisi ambao babu zetu walifika na misafara ya biashara kutoka Ujiji, wajukuu tukawa mafundi, wachuuzi na madereva. Baraza yangu ilitazama njia ya sokoni. Mke wangu alikuwa mtu wa Bugeshi, kule juu penye baridi chini ya milima. Alishuka na mama yake kuuza viazi, na mimi nikanunua viazi vingi kuliko tumbo la kijana mmoja linavyoweza kula, mpaka mama yake akaelewa. Akasilimu, tukaoana. Binti yetu alikuwa na miaka minne homa ilipomchukua mama yake. Siku tatu tu, na nyumba ikawa yetu wawili.

Ndugu zangu walitaka kumlea mtoto. Nikakataa kwa kelele. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na siku zile hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia. Nikasema mtoto wangu hatakwenda kulelewa kwa mtu, nitamlea mwenyewe hapa hapa, barazani kwangu. Kaka yangu mkubwa akaniuliza fundi cherehani anajua nini cha kulea msichana. Nikamwambia ashike njia. Basi wakaniacha. Jirani yangu, mke wa mwoka mikate, akawa anatupikia na kumsuka mtoto nywele, na mchana kutwa mtoto alikuwa na mimi.

Alikaa chini ya meza ya kukatia, juu ya rundo la vipande vya vitambaa. Na jamani, mtoto yule alikuwa na maneno! Mama yake alikuwa mkimya, mimi nina pini, sijui aliyatoa wapi. Alitumwa dukani kuchukua uzi, akarudi na habari za njia nzima: mvuvi aliyegombana na mkewe juu ya samaki mmoja, mbwa wa Mzungu aliyepanda kitandani, jiwe aliloliokota ufukweni ambalo ukilitupa majini halizami. Alitaka kujua kwa nini mlima ule wa upande wa Kongo unawaka usiku na hauishiwi kuni. Alitaka kujua kama mama yake anamwona anapokula. Mimi mguu wangu uko kwenye cherehani, gurudumu linazunguka, macho yako kwenye mshono. Mm, nasema. Mm.

Kwanza alifanya mchezo. Alikuwa na miaka sita hivi. Alisema kwa sauti ya mtu mzima kabisa kwamba leo amemwona ng'ombe anaendesha voiture, yaani gari, kavaa na kofia. Mm, nikasema. Akacheka mpaka akagaragara kwenye vitambaa, akatoka mbio kumwambia jirani, nikawasikia wote wawili wanacheka. Mchezo ule akaurudia mara nyingi. Padri ameota mkia. Ziwa limehama. Mm. Nilijua kuna kitu wanachekea, sikuuliza ni nini. Halafu ikafika siku akasema kitu cha namna ile, nikaguna, na hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akaanza kupanga vipande vya vitambaa kwa rangi. Nakumbuka kimya kile kwa sababu nilikifurahia. Nilimaliza kola mbili.

Msidhani nilikuwa mkatili. Sikumpiga kamwe. Alikula, alivaa vizuri kuliko watoto wote wa mtaa, akiugua nilikesha naye. Na wala si kwamba sikuweza kutoa pini. Madamu mwenye hoteli ya ufukweni akisimamisha gari lake, pini zilitoka zote, nikasimama, nikamsikiliza na mchanganyiko wake wa Kifaransa na Kiswahili mpaka mwisho. Karani akija kupimwa koti, pini zilitoka. Hata mlevi wa mtaa akitaka kubishana juu ya bei ya kiraka, zilitoka. Kwa mtoto hazikutoka, kwa sababu mtoto yuko tu, hatakwenda kwa fundi mwingine.

Sisi Waswahili tuna methali ya kumtia mtoto adabu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia mara mia. Nimetafuta sana methali ya mkuu asiyesikia la mtoto, sijaipata, na nimeuliza wazee kuliko mimi. Nadhani ni kwa sababu methali zilitungwa na wakuu.

Sasa niseme habari ya bibi yake, mama wa marehemu. Kwa watu wake, na hata kwetu, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka heshima inafanana na hofu. Mimi na mabukwe, ndivyo nilivyomwita kwa Kinyarwanda chao, hatukuwahi kutazamana usoni. Akishuka sokoni anapitia uani, anakaa jikoni kwa jirani. Mimi nikitaka kupita nakohoa kwanza ili ajifunike au ageuke. Akiwa na neno na mimi, linakuja kwa mdomo wa mtu mwingine, na langu linarudi vile vile. Mke wangu alipokuwa hai yeye ndiye aliyebeba maneno. Alipokufa kazi ile ikamwangukia mtoto, kwa sababu ndiye aliyebaki kati yetu. Mabukwe akimtuma kuja kuuliza kama nataka maziwa ya mgando, mtoto anakuja, naguna, anarudi, maziwa yanabaki. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika mpango huo.

Wiki yenyewe nilikuwa na kazi ya hoteli. Madamu alitaka nguo mpya za watumishi wake wote, za drili nyeupe, kile kitambaa kigumu cha pamba, koti na suruali, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Usumbura, na Jumamosi ndiyo siku yao. Drili nyeupe ni adui wa fundi. Jasho linaonekana, mafuta ya cherehani yanaonekana, hata ukiiwazia vibaya inachafuka. Nilitandika shuka mezani, nikafukuza kuku, nikafukuza watu. Mtoto nilimwambia asiguse kitu, na asikae chini ya meza kwa sababu kuna vumbi. Akawa anakaa kwenye ngazi ya baraza, mgongo wake kwangu. Alikuwa amefika miaka minane.

Mabukwe alishuka Alhamisi. Niliona tu mtu kapita na kikapu kichwani upande wa uani, nikakohoa kwa adabu, nikaendelea. Kumbe safari ile hakuja na viazi peke yake. Mtoto wake wa mwisho, kijana aliyekuwa anakaa naye, alikuwa amekwenda Kongo kutafuta kazi, na mama mtu amebaki peke yake na ng'ombe wake wawili na baridi yake. Akamtaka mjukuu. Lakini kwa desturi yao mtoto ni wa baba, na mama mzaa mama hawezi kumchukua hivi hivi tu, lazima baba atoe neno. Basi akamwambia mtoto: nenda kamuulize baba yako kama anakubali ukakae kwangu.

Kama angekuja mzee wa mtaa, mwanamume mwenye kofia, akakaa barazani akasema nimetumwa na mkweo, wallahi pini zingetoka, na ningesema hapana kwa sauti ya kusikika mpaka Goma. Alikuja mtoto wangu. Nami mtoto wangu nilikwisha zoea kumgunia.

Yaliyopita hapo nimeambiwa na jirani, kwa maana mimi sikumbuki kitu ila kiuno cha suruali kilichokuwa kinanikatalia. Alikuwa anafagia mbele ya tanuri yao, hatua kumi kutoka kwangu. Anasema mtoto alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akasema lote kama alivyotumwa: nyogokuru, ndivyo alivyomwita bibi yake, amebaki peke yake, anaomba nikakae naye, anauliza kama Baba unakubali. Nikasema mm. Mtoto akasimama kidogo. Akarudi uani. Mabukwe alikuwa mtu wa hakika, hakuridhika na neno moja kwa jambo zito vile. Akamrudisha. Mtoto akaja tena, akasema nyogokuru anauliza kama umesikia vizuri, kwamba ni kukaa huko, si kulala siku mbili. Mm, nikasema, na jirani anasema nilitikisa hata kichwa. Nadhani nilikuwa nakubaliana na suruali.

Mtoto akaja mara ya tatu. Hiyo jirani hakuisikia, mikate ilikuwa inaungua, aliingia ndani. Alimwona tu mtoto amesimama pale mbele ya meza, halafu alipotoka tena hakuwapo.

Saa kumi hivi nilimaliza suruali ya mwisho ya siku ile. Nikatema pini mkononi, nikanyoosha mgongo, nikamwita mtoto aje apepee makaa ya pasi. Kazi hiyo aliipenda, ilikuwa yake. Nikaita tena. Nikaita kwa hasira. Jirani akatokea mlangoni kwake na unga mikononi, akaniuliza namwita nani.

Nikamwambia ananifanyia mzaha. Akaniambia mtoto ameondoka na bibi yake tangu saa saba, na kitambaa chake cha nguo kimefungwa vizuri, yeye mwenyewe amemfungia, na mkate amempa wa njiani. Akaniambia mimi ndiye niliyekubali, mara mbili, amesikia kwa masikio yake. Nilimtukana mama wa watu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakuja kunishika shati. Hakukasirika. Alifuta mikono yake polepole.

"Shemeji," akasema, "mutoto alikuwa mbele yako. Mi ningesema nini zaidi?"

Nikapiga meza kwa ngumi na koti moja jeupe likaanguka kwenye vumbi. Nililiokota haraka, nikalikung'uta, nikalitazama kama limechafuka. Ndiyo, nililitazama koti kwanza. Nimesema sipendi kuzungusha watu.

Ningeweza kuwafuata jioni ile. Bibi kizee na mtoto wa miaka minane hawaendi mbio, na njia ya Bugeshi inapanda. Ningewakuta wamelala kwa watu njiani. Lakini kulikuwa na makoti sita hayana mikono bado. Nikasema Jumamosi. Jumamosi Madamu alifurahi mno, akaniongezea mapazia ya hoteli nzima. Nikasema nikimaliza mapazia. Kaka yangu mkubwa naye akaja, akasikia habari, akatikisa kichwa. Akaniambia neno ukishampa mkwe hulirudishi kama suruali iliyokosewa, maji yakimwagika hayazoleki, nitamvunjia heshima mama wa marehemu mbele ya watu wake. Akashauri ningoje, nipeleke zawadi, niende kama mtu anayetembelea, halafu niombe taratibu. Ushauri mzuri. Niliushika kwa mikono miwili kwa sababu ulinipa ruhusa ya kukaa.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko kote, na ningeweza kupaficha, hakuna anayejua. Siku zile za kwanza nilistarehe. Baraza ilikuwa kimya. Mishono ilinyooka. Nilishona siku moja kazi ya siku mbili, na nikajiambia kumbe hivi ndivyo fundi anavyotakiwa kufanya kazi. Sikujiambia kwa sauti, lakini nilijiambia.

Ilikuwa wiki ya tisa au ya kumi, niko na pazia la rangi ya maji ya ziwa, gurudumu linazunguka, nikajisikia nasema mm. Nikasimamisha mguu. Hapakuwa na mtu. Nikatazama chini ya meza kama mjinga. Vipande vya vitambaa vilikuwa bado vimepangwa kwa rangi, vyeupe peke yake, kaki peke yake, na sikuwa nimeviona wiki zote hizo. Nikalia pale pale barazani, mtu mzima, njia ya sokoni, watu wanapita. Mmoja akaniuliza kama nimemeza pini.

Basi nikamshonea gauni. Nilitumia kitambaa kizuri cha buluu, na kola nikaikata kwenye drili iliyobaki. Sikuwa na kipimo chake kwenye daftari, nilikata kwa kukumbuka tu. Nikapanda Bugeshi siku ya pili yake, kabla jua halijatoka, na gauni ndani ya mfuko na kilo mbili za chumvi kwa ajili ya mabukwe. Kulikuwa kumepita zaidi ya miezi miwili.

Kule juu mawingu yanakaa kwenye mashamba ya viazi, na mtu wa ziwani anatetemeka saa sita mchana. Nilifika kwenye ua wa mabukwe nikakohoa. Mtoto akatoka mbio. Alinikumbatia miguu, akaniuliza habari ya jirani, akavaa gauni juu ya nguo yake palepale. Lilimkaa sawasawa, mabega, kifua, urefu, hata kidole kimoja hakikuzidi. Miaka yote macho yangu yalikuwa yanampima. Masikio ndiyo hayakuwapo.

Nilipewa kigoda nje ya ukuta wa jikoni, kwa heshima, ili mabukwe aendelee na kazi ndani bila kuniona. Alikuwa anamenya viazi vya kupika. Nilisikia kisu kinavyokwaruza. Mtoto akaingia kumwonyesha gauni na kumwambia jinsi baba alivyofika na alivyokuwa anatetemeka, na mara akaanza kusimulia, kisu kikanyamaza. Hanyuma? akasema bibi, kwa Kinyarwanda, yaani halafu? Mtoto akaendelea. Kisu kikawa bado kimya. Akamaliza, bibi akacheka, akauliza swali moja, akajibiwa, ndipo kisu kikaanza tena. Mtoto akakumbuka kitu kingine. Kisu kikanyamaza tena. Nilikaa pale nje na chai yangu inapoa, na nilichelewa kula siku ile kwa sababu viazi vilikuwa havimenyeki. Mabukwe alikuwa na ng'ombe, na shamba, na mzigo wa kupeleka sokoni keshokutwa. Hakuwa na nafasi kuliko mimi.

Baada ya chakula nikatoa neno langu, kwa kupitia mtoto kama desturi. Nilisema nashukuru kwa malezi, ila nyumba yangu imekuwa tupu, namwomba mabukwe radhi, nataka kumrudisha binti yangu. Safari hii nilisema kwa maneno kamili, polepole, nikimtazama mtoto machoni. Akaingia ndani. Akakawia. Akatoka, akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Nyogokuru anasema mtoto ni wako, yeye hakuiba. Ukitaka, tuende leo." Akaongeza: "Anasema lakini uniulize mi."

Nikamuuliza. Unataka kurudi nyumbani?

Naye akaniuliza swali lake: si nilisema aende? Nikamweleza. Nikamwambia sikusikia, kazi ilikuwa nyingi, pini zilikuwa mdomoni, drili nyeupe, Madamu, Jumamosi. Nilimwambia yote, na kila nilivyosema niliona yanavyopungua uzito yakitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshajifunza huko ndani namna ya kusikiliza.

"Nilikuuliza mara tatu, Baba," akasema. "Ya kwanza na ya pili ilikuwa maneno ya nyogokuru. Ya tatu ilikuwa yangu. Nilikuambia mi sitaki kwenda, nataka kukaa na wewe. Ukasema mm."

Nikamuuliza kwa nini basi alirudi uani akamwambia bibi yake kwamba nimekubali.

"Ilikuwa mm ile ile," akasema.

Hakuwa analia. Alikuwa ananieleza jambo, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Ningepigwa na watu kumi nisingeumia hivyo. Nikamshika mikono, nikamwambia nimekosa, nimekosa sana, turudi, nitamsikiliza, aniambie lolote, hata sasa hivi aniambie. Nilimwona anafikiri. Aliangalia mlango wa jikoni, akaniangalia mimi, na uso wake ukafunguka kidogo. Akasema iko kitu anataka kuniambia tangu nilipofika. Ni juu ya ndama. Ndama mmoja wa nyogokuru alizaliwa na mvua, na yeye ndiye aliyekuwapo peke yake, na wakati ule—

Kwenye pindo la gauni, karibu na goti la kulia, palikuwa na uzi. Uzi mrefu kama kidole, mweupe juu ya buluu, niliousahau kuukata. Aibu ya fundi. Nikainama, nikalivuta pindo, nikaukata kwa meno, nikalilaza kwa kidole gumba, nikatazama na upande wa pili kama kuna mwingine. Upande wa pili palikuwa safi.

Sijui alinyamaza saa ngapi. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, na ndama hayupo tena. Mdomo wangu ulikuwa mtupu siku ile. Hapakuwa na pini hata moja, wala cherehani, wala Madamu.

"Asante kwa gauni, Baba," akasema kwa adabu. Akaingia ndani kwa bibi yake.

Nilishuka peke yangu alasiri ile ile, na mabukwe akanifungia viazi nimpelekee jirani. Mwaka juzi, siku ya Idi, tulipokuwa tunakunywa chai, nilijikaza nikamuuliza binti yangu yule ndama wa mvua ilikuwaje. Aliweka kikombe chini, akafikiri, naona alijaribu kwa kweli. Akasema hakumbuki ndama yeyote.